Ufa wa dai na makosa ya kiwandani kwenye sarafu: namna ya kuyatambua na kuyatenga na majeraha

Fungua kopo la sarafu katika nyumba yoyote ya zamani, iwe Mji Mkongwe au Wete, na huenda ukakuta mchanganyiko ambao wakusanyaji wa kwengine huununua kwa shida: pesa ya shaba ya Sultan Barghash yenye picha ya mizani, riale ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, senti kumi ya tundu ya Afrika Mashariki, shilingi ya mwenge ya mwaka 1966. Karibu kila moja itakuwa na alama fulani. Kuna msitari usio wa kawaida, herufi iliyopotea, ukingo uliomegeka, mwaka unaoonekana mara mbili. Baadhi ya alama hizo sarafu ilizaliwa nazo kiwandani, na hizo huweza kuwa na thamani kwa mkusanyaji. Nyengine zote ni majeraha ya maisha, na majeraha hushusha thamani.

Kabla ya kuuliza bei, basi, jiulize: ni hatua gani ya upigaji ingeweza kuacha alama hii? Ukiipata hiyo hatua, una kosa la kiwandani mkononi. Ukikosa kabisa, una sarafu iliyoharibika, hata kama anayeiuza ameiandikia maneno makubwa. Ili kujibu swali hilo inabidi ujue sarafu inavyopigwa kwa dai, yaani kile chuma chenye mchoro kinachochapa uso wa sarafu.

Utepe mrefu wa madini hupitishwa chini ya vikato vinavyotoa visahani vya duara. Visahani hupashwa moto tanurini ili vilainike, huoshwa, kisha hubiringishwa katika mashine inayobana ubavu mpaka ukingo uinuke kidogo. Hapo ndipo hupelekwa kupigwa. Kisahani hukaa juu ya dai ya chini, kikiwa ndani ya pete ya chuma, na dai ya juu hushuka kwa nguvu ya makumi ya tani. Madini hayayeyuki, lakini kwa mgandamizo huo hutiririka kama yaliyoyeyuka: yanajaza kila kichimbo cha mchoro, yanatanuka hadi kwenye pete, na pete ndiyo inayochapa vile vijino vya ubavuni. Mashine za siku hizi hupiga zaidi ya sarafu 700 kwa dakika moja.

Dai yenyewe ni kipande cha chuma cha pua kilichokazwa kwa moto, na mchoro wake ni kinyume cha sarafu. Kinachoinuka kwenye sarafu kimezama kwenye dai, na kinachosoma kulia kwenye sarafu kimeandikwa kushoto kwenye dai. Ukilishika vizuri hili, nusu ya kazi umeimaliza.

Ufa unaonekana kama msitari ulioinuka

Dai ikipasuka, ufa ni uwazi ndani ya chuma. Kisahani kinapopigwa, madini hupenya ndani ya uwazi ule. Kwa hiyo kwenye sarafu ufa wa dai hauwi mfereji. Unakuwa msitari mwembamba ulioinuka. Mkwaruzo ni kinyume chake, unazama. Watu wengi hukosea hapa, kwa sababu kwa macho matupu na taa ya juu vyote viwili huonekana kama msitari mweusi.

Njia ya kuvitenga ni rahisi. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi, zima taa ya dari, kisha elekeza tochi ya simu kutoka ubavuni, karibu usawa na meza. Msitari ulioinuka utang'aa upande wa tochi na kutupa kivuli upande wa pili. Mkwaruzo utafanya kinyume: ukuta ulio mbali na tochi ndio utakaong'aa. Zungusha sarafu robo duara, tazama tena. Tumia lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kama ile ya masonara. Inayokuza zaidi ya hapo kwa kazi hii huonyesha vumbi tu.

Ufa wa kweli una tabia zake. Huanzia mara nyingi ukingoni, hutambaa kwa kupindapinda, na hupenda kupita kwenye ncha za herufi, kwa sababu kona kali za mchoro ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyengine za dai. Hupanda juu ya herufi na kushuka upande wa pili bila kukatika. Rangi yake ni ile ile ya uso wa sarafu, na uchakavu wake ni ule ule. Ukikuta msitari unaong'aa kama mpya juu ya pesa ya shaba iliyogeuka rangi ya kahawa, huo si ufa wa dai.

Kwa nini dai ipasuke? Sababu ya kwanza ni uchovu. Dai moja hupiga makumi ya maelfu, hata mamia ya maelfu ya sarafu, na chuma huchoka. Ya pili ni ukazaji: dai iliyokazwa kupita kiasi huwa ngumu lakini inavunjika kwa wepesi, na iliyokazwa pungufu hubonyea. Ya tatu ni ajali ya dai mbili kugongana bila kisahani kati yao, ambayo tutaifikia hapo chini. Kwa kuwa ufa hurefuka kadiri kazi inavyoendelea, sarafu za dai moja zinaweza kupangwa kwa mfuatano: isiyo na ufa, yenye ufa wa milimita mbili ukingoni, yenye ufa uliofika katikati, yenye ufa uliokata uso mzima. Mkusanyaji anayefanikiwa kupata hatua tatu au nne za dai ile ile ana kitu kizuri kuliko mwenye sarafu moja ya ajabu iliyo peke yake.

Mwisho wa ufa ni kumeguka. Nyufa mbili zikikutana, au moja ikizunguka na kurudi ukingoni, kipande cha dai hutoka. Sarafu zinazofuata zitakuwa na kibonge laini ukingoni, kisicho na herufi wala mchoro, kilichosimama juu kuliko uwanda, yaani sehemu bapa ya uso isiyo na mchoro. Hili ni kosa linalotafutwa sana, na pia ndilo linaloigwa sana bila hata mtu kukusudia.

Visiwani kwetu sarafu nyingi za fedha na shaba ziligeuzwa vidani. Sonara aliunga kikuku kwa lehemu sehemu ya juu, na miaka baadaye kikuku kikatolewa. Kinachobaki ni kibonge ukingoni, na mtu akikiona husema dai ilimeguka. Kiangalie kwa karibu. Lehemu ina rangi tofauti kidogo, kijivu au njano, na mara nyingi ina vitundu vidogo vya mapovu. Imemwagikia ubavuni na kuziba vijino au maandishi, ambapo dai haifiki kabisa, kwani ubavu ni kazi ya pete. Chini ya lehemu iliyokwanguka utaona mabaki ya mchoro, kwa maana mchoro ulikuwapo tayari. Halafu geuza sarafu. Dai inapokuwa na pengo, madini mengi hukimbilia huko, na upande wa pili, mahali palepale, mchoro hufifia kwa kukosa madini. Kibonge ambacho nyuma yake herufi zimesimama wima na kali si cha dai.

Makosa mengine ya dai

Dai mbili zikigongana bila kisahani, kila moja huachia nyengine alama ya mchoro wake. Sarafu zinazofuata huonyesha kwenye uwanda kivuli cha upande wa pili, kimegeuka kama kwenye kioo. Ili kuhakikisha, piga picha pande zote mbili, geuza picha moja kushoto kulia kwa simu, kisha ilinganishe na kivuli unachokiona. Mistari ikifuatana, jibu ni ndiyo. Kosa hili ni la kawaida na halipandishi bei sana, ila mara nyingi ndilo chanzo cha ufa uliotangulia kuelezwa.

Dai iliyosuguliwa kupita kiasi hupoteza sehemu za chini za mchoro. Mfano unaojulikana duniani ni senti tano ya Marekani ya mwaka 1937 kutoka kiwanda cha Denver, ambayo nyati wake ana miguu mitatu. Na dai iliyojaa grisi na vumbi la chuma huficha herufi au tarakimu kwa muda, mpaka uchafu utoke. Kwenye pesa za Barghash jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Miaka yake imeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, ١٢٩٩ na ١٣٠٤, yaani 1299 na 1304 za Hijria, ambazo ni takriban 1882 na 1887. Sifuri ni nukta tu. Nukta ikizibwa na grisi, 1304 itasomeka kama 134. Na chunusi ya kutu ikiota mahali pabaya itakuongezea sifuri ambayo haikuwahi kuwapo. Nukta iliyopigwa ina umbo safi na urefu ulio sawa na tarakimu nyengine. Chunusi ya kutu haina mpaka, na karibu nayo utakuta ndugu zake.

Kisha kuna maandishi maradufu, na hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea. Dai hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama wenye mchoro ulioinuka. Zamani dai moja ilikandamizwa zaidi ya mara moja, na kati ya mkandamizo na mwengine ilitolewa na kupashwa moto. Ikirudishwa ikiwa imezunguka kidogo tu, dai hupata michoro miwili, na kila sarafu itakayoipiga itatoka hivyo. Senti moja ya Marekani ya mwaka 1955 ndiyo mfano mkubwa. Katika maradufu ya namna hii, herufi zote mbili zina urefu kamili, ncha zao zimegawanyika, na penye makutano kuna mfereji mdogo.

Maradufu ya bandia hutokea pale dai inapotetema wakati wa kuinuka baada ya kupiga. Inasukuma ubavu wa herufi na kuacha ngazi bapa, ya chini na inayong'aa. Herufi hainenepi, badala yake inapungua. Shilingi nyingi za Tanzania zina hali hii kwenye mwaka au kwenye maneno, na haziongezi hata senti. Anayekuuzia hiyo kwa bei ya maradufu ya kweli, mrudishie.

Kisahani na pigo

Kikato kikishuka mahali palipokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo la umbo la mwezi mchanga. Wauza udanganyifu huliiga kwa tupa. Lakini pengo la kiwandani huacha ushahidi upande wa mkabala: ile mashine ya kuinua ukingo hufanya kazi kwa kubana pande mbili, na palipo na pengo hapana cha kubana, hivyo na upande wa pili ukingo hufifia. Aidha, mchoro ulio karibu na pengo hunyooka kidogo kuelekea huko, kwani madini yalitiririka kwenda kwenye uwazi. Tupa haiwezi kufanya hayo. Inakata herufi kama kisu kinavyokata mkate.

Sarafu za tundu za Afrika Mashariki zina kanuni yao. Tundu hutobolewa kwenye kisahani kabla ya kupigwa. Likitobolewa pembeni, mchoro utakaa katikati kama kawaida na tundu litakula herufi za upande mmoja, huku kingo zake zikiwa zimebanwa na kulainika na pigo la dai. Tundu la dereli lililoongezwa mtaani lina kingo kali, kuta zake ndani zinang'aa kuliko uso, na mara nyingi limeinua ukingo wa madini upande mmoja.

Pigo likienda kombo, sarafu hutoka na mchoro upande mmoja na upande mwengine tupu. Pete isipokaa, sarafu hutanuka, huwa pana na nyembamba, bila vijino ubavuni, ingawa uzito haubadiliki. Sarafu iliyotandazwa kwa nyundo pia ni pana, ila maandishi yake yametandazwa nayo. Na wakati mwengine sarafu iliyopigwa hung'ang'ania dai ya juu. Kisahani kinachofuata hupigwa na sarafu ile badala ya dai, na hupata upande mmoja uliozama na kusoma kinyume. Hilo ni kosa zuri, lakini mtu mwenye jiliwa anaweza kubana sarafu mbili na kupata kitu cha kufanana. Tofauti ni kwamba mchoro wa asili wa sarafu iliyobanwa kwenye jiliwa hubaki ukionekana chini ya ule uliozama, ukiwa umebapa.

Kosa la juu kabisa kwa wakusanyaji ni kuoanisha dai zisizohusiana. Mwaka 2008 Uingereza ilibadili michoro, na kwenye peni 20 mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kundi moja likapigwa kwa dai ya zamani ya kichwa na dai mpya ya ngao, zikatoka sarafu zisizo na mwaka kabisa. Karibu na kwetu zaidi, ipo peni ya Afrika Magharibi ya Kiingereza ya mwaka 1936 iliyopigwa Birmingham ikiwa na upande mmoja wa senti kumi ya Afrika Mashariki. Mwaka huo ndio Zanzibar ilipoingia katika mfumo wa fedha wa Afrika Mashariki, kwa hiyo senti kumi za 1936 zipo nyingi katika makopo ya kwetu. Zinafaa kutazamwa pande zote mbili.

Yanayodhaniwa makosa na siyo

Riale ya Maria Theresa ina kialama kama X baada ya tarakimu za mwaka, 1780. Ni sehemu ya mchoro. Herufi S.F. chini ya kichwa nazo ni za maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Riale hizi ziliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780 katika miji mingi, ikiwemo Vienna, London na Bombay, kwa hiyo tofauti ndogo za manyoya ya tai au lulu za bruchi huonyesha kiwanda na kipindi, si kosa. Uzito sahihi ni gramu 28.07 na fedha ni 833 kwa 1000. Ikipungua gramu nzima, shaka iwe ya kughushiwa kabla ya kitu chengine.

Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki iliyopigwa hadi mwaka 1946 ina fedha robo tu, na uzito wake ni kama gramu 7.8. Ngozi yake ya fedha ikichakaa, wekundu hutokeza kwenye shavu la mfalme, na watu hudhani imepigwa kwa madini yasiyo yake. Kuanzia 1948 shilingi hiyo ni shaba na nikeli. Vivyo hivyo kwa sumaku: shilingi ya Tanzania ya 1966 haishiki, ya 1987 inashika, kwa sababu ya pili ni chuma kilichofunikwa nikeli. Shilingi 500 ya mwaka 2014 yenye picha ya Mzee Karume na nyati nayo ni chuma kilichopakwa nikeli, na maji ya chumvi huifanya ivimbe malengelenge. Lengelenge la kutu limepasuka na lina ukahawia ndani. Lengelenge la hewa lililotoka kiwandani ni la duara, laini, na halina ukahawia.

Sarafu za kale zaidi zina hukumu nyengine. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi. Sarafu zile za fedha zilipigwa kwa nyundo na mkono, bila pete. Mchoro kwenda kombo au herufi kukosa nafasi ukingoni kwa sarafu za namna hiyo ni hali ya kawaida, si kosa la kulipiwa. Thamani ya dai hapa ni ya kielimu: sarafu mbili zenye kasoro ile ile zimetoka kwenye dai moja, na kwa njia hiyo wataalamu hupanga zipi zilitangulia na majina ya watawala yalifuatana vipi. Ndiyo maana kuchimba magofuni na kuuza moja moja ni hasara isiyolipika. Ukiokota kitu mahali kama hapo, kiache kilivyo, weka alama ya mahali, na uwaarifu Makumbusho na Mambo ya Kale.

Usioshe

Ukwaju, limau, majivu, dawa ya kung'arisha shaba: vyote hula uso wa sarafu, na uso ndio unaobeba ushahidi wa ufa na wa pigo. Pesa ya shaba iliyosuguliwa ikawa ya waridi imekufa kwa mkusanyaji. Kama ina tope, iloweke kwenye maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Badilisha maji kila siku mpaka yabaki safi, kisha ikaushe kwa kuigusa na kitambaa cha pamba, bila kusugua. Shaba iliyotoka baharini au ufukweni ina chumvi ndani. Ukiona unga wa kijani kibichi unarudi baada ya kuufuta, itenge na nyenziwe, ihifadhi kwenye kikopo kikavu chenye vifuko vya silika jeli, kwa kuwa unyevu wa visiwani hauipi nafasi. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, maana hutoa majimaji yanayoacha ute wa kijani.

Kuhusu bei, usiangalie anachoomba muuzaji mtandaoni. Tazama sarafu kama hiyo iliuzwa kwa kiasi gani kweli. Ufa mdogo huongeza kidogo au hauongezi kitu. Ufa unaokata uso mzima, kibonge cha ukingoni, pigo la kombo lenye mwaka unaosomeka, hizo zina wanunuzi. Shilingi ya 1966 isiyo na kosa lolote ilipigwa kwa wingi mno kuwa ya mamilioni, hata video ngapi ziseme hivyo.

Ukipata unayoiamini, ipime kwa mizani ya sonara hadi sehemu ya mia ya gramu, pima kipenyo sehemu mbili kwa vernia, na uilinganishe na nyengine tatu za aina na mwaka huo huo. Piga picha pande zote mbili na ubavu kwa mwanga wa pembeni. Mahali pa ufa paeleze kwa tarakimu za uso wa saa ya ukutani, 12 ikiwa juu, na uandike wazi kuwa ni tarakimu zilizochapwa usoni mwa saa, ili msomaji asizibadili kuwa saa za Kiswahili na kuutafuta ufa upande usio wake.